Uvungu wa Nyumba

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama kwa miaka ishirini na sita, wala si kwa mfano wa maneno. Nimeinama kweli, kwa magoti na viganja, kila nilipohitaji jembe, gunia tupu au ile baiskeli mbovu ambayo mke wangu alikwisha kuniambia mara nyingi niiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Vitu hivyo vilikaa chini ya sebule, penye giza na nyenje, katika uvungu wa nyumba yangu. Msomaji asidhani nasema uvungu wa kitanda. Nasema uvungu wa nyumba, au kwa usahihi zaidi, wa theluthi yake ya mbele.

Nyumba za kwetu Bariadi hukaa juu ya ardhi kama kuku aatamiavyo mayai. Huchimbwa msingi, hujazwa kifusi, humwagwa jamvi, na mambo yamekwisha. Hapana nafasi kati ya sakafu na udongo, wala hakuna anayeitamani. Yangu ina nafasi hiyo kwa sababu ya mteremko, na kwa sababu ya hesabu.

Nilianza kujenga mwaka 1995, nyumba ya meta 12 kwa 9, juu ya kiwanja kinachoshuka meta 1.4 kutoka nyuma hadi mbele ya nyumba. Ili sakafu iwe sawa, msingi ulitakiwa kutokeza juu ya ardhi meta 0.3 kwa nyuma na meta 1.7 kwa mbele. Wastani wake ni meta moja, kwa hiyo kifusi cha kujaza ndani ni meta za ujazo 108. Lori tulilokuwa tukikodi lilibeba kama meta za ujazo tano, na kifusi kikishindiliwa hupungua. Hesabu yangu ikaja safari zisizopungua ishirini na tano. Nilipoigawa hesabu hiyo vipande vipande niliona jambo lililonifurahisha kama mwalimu wa hisabati na kunitisha kama mtu mwenye mshahara wa mwalimu. Zile meta nne za mbele, ambazo ni theluthi moja tu ya nyumba, zilikuwa zinakula karibu nusu ya kifusi chote.

Fundi wangu wa wakati ule, mzee aliyejifunza uashi Mwanza, alicheka nilipomwonyesha daftari. Alisema kule Mwanza, kwenye vilima vya mawe, watu hawajazi. Huacha pango na kumwaga slebu ya nondo juu yake. Nilimwelewa mara moja, kwa kuwa nami nilisomea ualimu Butimba na nilikwisha kuziona nyumba hizo zilizoning'inia juu ya majabali, mbele ndefu kama ghorofa, nyuma fupi kama kibanda. Basi tulijenga ukuta wa kati, tukajaza kifusi nyuma yake, na mbele tukamwaga slebu. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1997 zilikuta kuta zimefika kwenye renta. Ziliponyesha miezi ile yote na ukuta usipasuke, nilijua kwamba mzee yule alistahili kila senti niliyomlipa, na nyingine nilizobaki nadaiwa mpaka mwaka uliofuata.

Uvungu uliobaki ulikuwa wa meta tisa kwa nne. Kimo chake kilikuwa meta 1.7 kwa mbele na 1.2 tu kwa nyuma. Mtoto mdogo angeweza kusimama wima humo mahali popote. Mimi sikuweza.

Hapa sina budi kusema neno juu ya udongo, kwa sababu bila udongo habari hii haina maana. Sisi Wasukuma tuna majina ya udongo kama wafugaji walivyo na majina ya rangi za ng'ombe. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, udongo wa mchangamchanga unaopitisha maji. Chini ya mteremko kuna itogolo, ambao una tabaka gumu ndani na maji hutuama juu yake. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi ule ulioipa pamba yetu sifa. Udongo wa mbuga ukilowa huvimba, ukikauka hunywea na kupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima huzama. Nyumba iliyojengwa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka, na baada ya misimu michache kuta zake huwa na mistari kama ramani ya mito. Tangu Bariadi iwe makao makuu ya Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, mji umepanuka kwa haraka, na viwanja vingi vimeshuka mpaka mbugani. Nimekwisha kuombwa mara kadhaa nikatazame nyufa za watu. Ningekuwa mtu wa huko bondeni, nisingechimba hata shimo la kufukia paka ndani ya nyumba. Nyumba yangu imo katika luseni, na chini ya luseni hiyo kuna udongo wa kokotokokoto mgumu. Ndiyo maana nilithubutu kuwaza.

Kabila langu halina mazoea ya kukaa chini ya ardhi. Wairaqw wa Mbulu walichimba nyumba zao ubavuni mwa vilima, paa likiwa sawasawa na nyasi, hata adui akipita juu asijue kuwa chini yake kuna mji wa mtu na ng'ombe wake. Wachaga nao walichimba mapango marefu ya kujificha na mifugo wakati wa vita. Kule Mangapwani, Unguja, liko shimo la aina nyingine ambalo ni aibu kulitaja. Lilichimbwa ili kuficha watumwa baada ya biashara ile kupigwa marufuku mwaka 1873. Katika mifano yote hiyo mtu alishuka chini ya ardhi kwa sababu ya hofu, yake au aliyomtia mwenzake. Mimi mwenyewe nimewahi kusimamia uchimbaji wa hofu. Wakati wa vita vya Kagera, nikiwa mwalimu kijana, tulichimba mahandaki kando ya uwanja wa gwaride. Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya ikajaribu kuupiga mji wa Mwanza, na habari zilipotufikia tukawapigia watoto kengele wakimbilie mahandakini. Walirudi mbio kuliko walivyokwenda. Mahandaki yalikuwa yamejaa maji mpaka nusu, na vyura walikuwa wametangulia kujihifadhi.

Marekani ni habari nyingine. Mwanafunzi wangu wa zamani anaishi huko katika jimbo la Minnesota, na tangu simu hizi za picha zilipoingia hunionyesha mambo ya kwao. Ardhi ya huko huganda barafu wakati wa baridi, na udongo ulioganda huvimba na kuinua msingi. Kwa hiyo ni lazima msingi uende chini kupita mahali barafu inapofika, yaani zaidi ya meta moja. Mtu akishachimba kiasi hicho pande zote nne, huona afadhali atoe na udongo wa katikati apate chumba. Wengine huacha nafasi fupi ya kupita kwa kutambaa tu, na baadaye, familia ikiongezeka, huichimba iwe chumba kamili. Nilipomwambia kwamba nami nina nafasi ya namna hiyo hapa Bariadi hakuamini mpaka nilipoingiza mkono wenye simu mle ndani akaiona ile baiskeli.

Sasa kwa nini nichimbe? Nilistaafu mwaka 2010 na makasha tisa ya vitabu na madaftari. Humo mna maandalio ya masomo tangu miaka ya 1970, vitabu vya kiada vya enzi ya elimu ya msingi kwa wote, ramani, na hesabu za ujenzi wa madarasa ya MMEM ambayo mimi na kamati ya shule tuliyasimamia kuanzia mwaka 2002 kwa senti na kwa gunia la saruji. Makasha hayo yalikuwa chini ya vitanda, na mchwa walikuwa wameanza kuyasoma kabla ya watu. Nilitaka chumba cha vitabu. Mke wangu alitaka ghala. Kila mwaka mahindi yetu na mtama vililala sebuleni, na mgeni wa heshima aliketishwa kati ya magunia. Kijana wetu mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam, hakutaka kimojawapo. Alipokuja likizo alikaa barazani, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Baba, na baada ya hapo nani atakaa humo?"

Sikumjibu siku ile. Swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na mimi nilikwisha kulisikia zamani kwa sauti nyingine.

Marehemu baba yangu alihamishwa mwaka 1974 katika Operesheni Vijiji. Aliambiwa ahame, akahama. Nyumba iliachwa, na vihenge viwili vikaachwa pia, kimoja kimejaa mtama mpaka shingoni, kwa sababu mkokoteni ulikuwa mmoja na kihenge hakibebeki. Tuliporudi baada ya wiki mbili kuchukua nafaka, mchwa na mbuzi wa watu walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao. Mimi sina ugomvi na nia ya ujamaa. Nimeifundisha darasani na bado naamini kwamba shule na zahanati haziwezi kuwafuata watu waliotawanyika kila mmoja na kichuguu chake. Lakini tangu siku hiyo baba hakujenga tena kitu chochote kizito. Aliishi katika kibanda cha miti mpaka alipofariki, na tulipomsihi tumjengee nyumba ya matofali alituuliza itabebwa na mkokoteni gani. Nadhani ndiyo maana mimi nilijenga nyumba yenye nondo, na ndiyo maana uzeeni nilitaka kwenda chini zaidi.

Tulipanga kuanza kiangazi cha mwaka 2024. Mwezi Januari mwaka huohuo, katika mvua kubwa, kifusi kiliporomoka kwenye machimbo ya dhahabu humu wilayani Bariadi na kuua vijana zaidi ya ishirini. Walikuwa vijana wenye nguvu, wengine baba wa watoto wadogo. Mji mzima ulizizima. Mke wangu hakusema neno juu ya uvungu kwa miezi mitatu. Mwezi wa nne alinijia na sharti moja, wala hakulisema kwa upole. "Mwalimu, ukitaka chimba. Lakini mtoto wa mtu akifukiwa chini ya sebule yangu, mimi sitakaa katika nyumba hiyo hata usiku mmoja."

Basi nikakaa na penseli. Ili mtu mzima asimame, nilitaka kimo cha meta 2.2. Kwa mbele ilibidi kuchimba nusu meta, na hapo hapakuwa na shaka, kwa sababu msingi wa mbele umekwenda chini meta 0.8. Kwa nyuma ilibidi kuchimba meta moja kamili, na msingi wa ukuta wa kati nao umekwenda meta 0.8 tu. Maana yake ningekuwa nimepita chini ya unyayo wa msingi kwa sentimeta ishirini. Ukuta huo umebeba slebu upande huu na unazuia kifusi chote upande wa pili. Kuchimba chini yake ni sawa na kumwondolea mzee kigoda wakati amekalia.

Mafundi wa nchi zilizozoea kazi hii huongeza msingi kutoka chini. Huchimba kipande kisichozidi meta moja, humwaga zege, husubiri liive, kisha huruka na kuchimba kipande cha mbali, mpaka vyote vikutane. Njia hiyo ni nzuri kwa mwenye fedha na mhandisi. Mimi nilichagua njia ya mwenye pensheni. Niliamua tusiuguse udongo ulio karibu na ukuta. Tuliacha kingo ya upana wa meta moja kwa nyuma, na nyingine nyembamba pembeni, tukaijengea uso wa mawe kwa saruji. Kanuni yake ni rahisi. Uzito wa msingi haushuki wima tu, hutawanyika kwa mshazari. Kadiri shimo linavyokuwa chini ya msingi, ndivyo linavyopaswa kuwa mbali nao, na mshazari wa nyuzi 45 ndio mpaka ambao mtu asiuvuke. Sentimeta ishirini chini na karibu meta moja pembeni ni salama mara nne. Kingo hiyo ilipokamilika na kusakafiwa, tuliiona kwamba si kitu kingine ila baraza.

Kazi ilianza mwezi Julai. Fundi alikuwa mwanafunzi wangu, akiwa na saidia fundi wawili. Meta za ujazo kumi na saba zilitolewa kwa toroli, karibu safari mia tatu, na udongo wote ukaenda kujaza korongo lililokuwa linakula njia ya jirani. Nilikuwa nimeweka alama ya chokaa pale baraza linapoanzia na nimekataza jembe lisiivuke. Aidha, kabla ya kuanza, nilibandika vipande vinne vya kioo kwa saruji kwenye kuta za sebuleni, kila kimoja juu ya ufa mdogo wa zamani wa lipu. Kioo hakinyumbuki kama macho ya mtu. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo hukatika.

"Mwalimu, udongo huu ni jiwe," fundi aliniambia siku ya nne. "Tunyooshe tu pembe hii, baraza likae vizuri."

Nilimwambia kwamba udongo ulio jiwe mwezi Julai ni uji mwezi Machi, na pembe ikae ilivyo. Alasiri ile niliitwa msibani. Niliporudi jua likizama nilimkuta mke wangu amesimama sebuleni na taa mkononi. Kioo cha pembe ya kushoto kilikuwa kimekatika katikati. Ufa wenyewe haukufika unene wa unyuzi, lakini kioo kilikuwa vipande viwili. Niliinama dirishani nikasikia sauti ya sururu bado inalia chini. Kijana mmoja alikuwa amelala kwa ubavu ndani ya pembe, anakwangua kingo ili inyooke kwa kamba, na bonge la udongo ukubwa wa karai lilikuwa limekwisha kudondoka nyuma ya miguu yake.

Sikupiga kelele. Ukipiga kelele mtu hustuka, na akistuka hugonga. Nilimwita kwa jina lake kama ninavyoita mahudhurio, nikamwambia atoke taratibu, aache sururu palepale. Alipotoka nilimshika mkono mpaka tulipofika uani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Baadaye nilijua kwamba mwezi Januari alikuwa amepanga kwenda machimboni na rafiki yake, akazuiwa na malaria.

Usiku ule hatukulala. Fundi aliyetaka pembe inyooke alibeba mirunda mwenyewe, tukaikaza chini ya slebu pembeni mwa ukuta, na kwa taa za sola tukajenga mawe ya ile pembe mpaka saa nane za usiku. Nilibandika kioo kingine asubuhi. Kipo mpaka leo, kizima. Mke wangu alihamia chumba cha nyuma kwa siku saba, akarudi bila kutangaza.

Baada ya hapo adui alikuwa maji. Nilimjua tayari, maana msimu wa mvua nyingi wa 2019 na 2020, ule uliolifikisha Ziwa Viktoria kwenye kina ambacho halikuwa limewahi kupimwa, nilikuwa nikiingia uvunguni kila Jumamosi na chaki, nikichora mahali ukuta ulipotoa jasho. Maji yakisimama nyuma ya ukuta kwa kina cha meta moja, husukuma sehemu ya chini kwa uzito wa kilo elfu moja kwa kila meta ya mraba, na hakuna lipu inayoshindana na uzito huo kwa miaka mingi. Dawa yake ni kuyapa njia. Upande wa juu wa nyumba tulichimba mtaro wa kukinga unaoyapeleka pembeni, na maji ya bati yakaelekezwa kwenye tangi. Nyuma ya uso wa baraza tulipanga kokoto tupu zisizo na mchanga, na mabomba yakapita chini ya sakafu mpaka nje ya ukuta wa mbele. Hapo ndipo mteremko unapomlipa mwenyewe. Rafiki yangu wa Minnesota ana pampu ya umeme inayovuta maji chini ya nyumba yake usiku na mchana. Yangu hushuka yenyewe, bila bili. Chini ya sakafu tulitandika nailoni nzito kabla ya zege la moja-mbili-nne, tukalimwagilia zege hilo siku saba na kuliacha siku ishirini na nane ndipo chochote kizito kikakanyaga. Mbele tulikata mlango na madirisha mawili yanayotazama bondeni, kila moja chini ya mkanda wa zege.

Ugomvi wa ghala na maktaba ulibaki. Nilimwambia mke wangu kwamba nafaka katika chumba cha chini ni hatari, maana unyevu huzaa kuvu, na kuvu huzaa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Alinijibu kwamba vitabu navyo huota kuvu, ila tofauti ni kwamba havipikwi. Basi tukakubaliana kupima. Tulibandika kipande cha nailoni sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote, tukakiacha siku mbili katikati ya mvua za Novemba. Kama chini yake pangekuwa na matone, sakafu ingekuwa inanywa maji kutoka ardhini. Palikuwa pakavu. Mahindi nayo aliyapima yeye mwenyewe kwa njia ya chupa: chumvi kavu na punje ndani ya chupa kavu ya kioo, kutikisa, kusubiri kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi hayajakauka. Haikuganda. Akaleta mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo humkosesha pumzi hata dumuzi, yule mdudu aliyeingia kupitia Tabora miaka ya mwisho ya 1970 na wakulima wakambandika jina la lori la Scania. Magunia yakapanda juu ya baraza la nyuma, juu ya mbao, shubiri moja mbali na ukuta. Vitabu vilipata upande wa kulia, kwenye rafu za vyuma. Kati yetu kuna mstari wa rangi ya bluu. Yeye ameuvuka mara mbili.

Sheria ya chumba ni moja tu, nimeiandika mlangoni kwa herufi kubwa: hakuna jiko la mkaa wala jenereta humu. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na katika chumba kilichozama haina haraka ya kutoka.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata kijana wetu alikuja tena. Nilimpeleka chini bila maneno. Nje palikuwa na joto la nyuzi 31, na kipimajoto kilichoning'inia kwenye rafu kilisoma 25. Alisimama wima, akainua mkono akagusa slebu, akatembea mpaka ukuta wa kati, akakigonga kile kioo cha pembeni kwa ukucha. Kisha akakaa barazani, kati ya magunia ya mama yake, akachukua daftari moja la mwaka 1986 akaanza kusoma majina ya mahudhurio. Alimkuta mjomba wake humo. Alimkuta na fundi wetu, darasa la nne, utoro siku kumi na moja. Hakurudia swali lake, nami sikuwa na jibu jipya. Yeye atarudi Dar es Salaam, na dada zake wako Mwanza. Mimi na mama yao tuna miaka tutakayojaliwa, na baada yetu nyumba inaweza kuuzwa kwa mtu atakayefuga kuku humo.

Siku za shule, baada ya saa tisa, watoto wa darasa la saba kutoka jirani huja wanane au kumi. Husalimia, huvua viatu mlangoni bila kuambiwa, na hukaa barazani wakiwa na vitabu magotini. Mjukuu wangu, ambaye huniita guku kama mtoto wa Kisukuma anavyotakiwa, ndiye mkutubi. Ana daftari la kuazima na ni mkali kuliko nilivyokuwa mimi. Yule kijana wa sururu naye huja Jumamosi. Anasoma upya hisabati ya darasa la saba, na juma lililopita tulikuwa kwenye pembetatu.